Asubuhi Mzima, Jioni Hoi: Namna ya Kuutambua Ugonjwa wa Miasthenia Gravisi

Yapo maradhi yanayomfuata mgonjwa hadi mlangoni mwa zahanati, na yapo yanayobaki nyumbani. Miasthenia gravisi ni ya aina hiyo ya pili. Mama ambaye jana magharibi kope zilimwangukia hata akalazimika kurudisha kichwa nyuma ili aone sufuria iliyo mbele yake, hulala, na alfajiri huamka macho yakiwa wazi. Hupelekwa zahanati kwa bodaboda, huketi kwenye benchi akisubiri zamu yake, na kila dakika ya kusubiri huwa ni dakika ya kupumzika. Anapoingia kwa tabibu anatazama vizuri, anazungumza vizuri, na mkono wake una nguvu. Kipimo cha malaria hakionyeshi kitu, damu inatosha, shinikizo la damu ni la kawaida. Hurudi nyumbani na vidonge vya maumivu ambavyo hakuvihitaji, na jioni kope huanguka tena.

Ndipo maneno huanza. Mume hudhani mkewe anakwepa kazi za jioni. Kijana ambaye ulimi wake huwa mzito usiku husemwa kuwa amekunywa. Wengine huambiwa wamerogwa, kwa hoja ambayo kwa juu ina mantiki: ni ugonjwa gani huo unaokuja na kuondoka kwa saa? Swali hilo lina jibu, tena jibu lenye manufaa, kwa sababu huko kuja na kuondoka ndiko dalili kuu ya ugonjwa wenyewe. Aliyekwisha kulielewa jambo hili anaweza kumsaidia tabibu kuona kile ambacho saa ya kliniki humficha.

Tarishi asiyefunguliwa mlango

Mtu anapotaka kuinua mkono, amri hutoka katika ubongo na kupita kwenye mishipa ya fahamu hadi penye msuli. Mshipa wa fahamu haukugusi msuli moja kwa moja. Kati yao pana upenyo mdogo mno. Ili amri ivuke, ncha ya mshipa humwaga kemikali iitwayo asetilikolini, nayo huenda ng'ambo kama tarishi na kugonga kwenye vipokezi vilivyo juu ya msuli. Vipokezi vikifunguka, msuli hujikunja.

Kwa mwenye miasthenia gravisi, tarishi yupo na barua anayo, lakini milango mingi imezibwa au kuharibiwa. Walioiziba ni kingamwili, yaani askari wa mwili wenyewe, ambao kazi yao halali ni kupambana na vijidudu. Kwa sababu ambayo sayansi haijaimaliza kuieleza, askari hao humgeukia mwenyeji wao. Msuli uliopumzika hupata matarishi wengi kwa mara moja, na wachache wao hufanikiwa kuingia kupitia milango iliyosalia. Kazi ikiendelea, idadi ya matarishi wanaotumwa kwa kila amri hupungua. Kwa mtu mwenye afya upungufu huo hauonekani, kwa kuwa milango ni mingi kupita mahitaji. Kwa mgonjwa, amri haivuki tena na msuli hulegea. Akipumzika, akiba hujaa upya na nguvu hurejea. Hiyo ndiyo siri ya asubuhi na jioni.

Ugonjwa huu si wa kuambukiza. Haupatikani kwa kula pamoja, kulala pamoja wala kumhudumia mgonjwa. Huweza kumpata mtu wa umri wowote, ila huonekana zaidi kwa wanawake walio chini ya miaka 40 na kwa wanaume waliovuka miaka 50. Familia yenye mzee ambaye kope zimeanza kuanguka isikimbilie kusema kwamba ni uzee tu.

Dalili zinavyojitokeza nyumbani

Kwa wagonjwa zaidi ya nusu, ugonjwa huanzia machoni. Kope moja hulegea, au zote mbili, na mara nyingi moja huzidi nyingine. Mgonjwa huanza kuona vitu viwili viwili: taa moja ya pikipiki inayokuja huwa mbili, mistari ya kitabu cha nyimbo hupandana. Akifumba jicho moja, kivuli cha pili hutoweka. Wapo waliobadilishiwa miwani mara tatu kabla ya mtu yeyote kuuliza kama tatizo huzidi jioni.

Baada ya macho hufuata misuli ya uso, kinywa na koo. Hapa dalili huonekana vizuri zaidi mezani kuliko hospitalini. Mgonjwa huanza kula kama wengine, lakini katikati ya mlo taya huchoka. Muhogo wa kuchoma au nyama humshinda, naye hushika kidevu kwa mkono ili asaidie kutafuna. Uji au maji huweza kutokea puani. Hupaliwa mara kwa mara. Akicheka, uso hauinuki pembeni mwa midomo, na picha yake ya kutabasamu huonekana kana kwamba amekasirika. Sauti nayo ina hadithi yake: mwalimu huanza kipindi kwa sauti safi, na kadiri anavyoendelea sauti hutokea puani, maneno huvurugika, hadi wanafunzi wa nyuma hawamwelewi. Akinyamaza kwa robo saa, sauti hurudi.

Katika viungo, udhaifu hupenda sehemu zilizo karibu na kiwiliwili. Mwanamke anayesuka nywele hushusha mikono kila baada ya mistari michache. Anayeanika nguo hushindwa kumaliza kamba. Kubeba ndoo kichwani, kupanda daladala yenye ngazi ndefu, kuinuka kutoka kwenye kigoda, kutwanga: kazi hizi huwezekana mwanzo na kushindikana mwisho. Shingo huweza kulegea hata kichwa kikaanguka mbele katikati ya ibada, na waumini wakadhani amesinzia.

Zipo alama nyingine ambazo thamani yake iko katika kutokuwepo kwake. Ugonjwa huu peke yake hauleti ganzi, hauleti maumivu makali, hauondoi fahamu na hauleti degedege. Mboni ya jicho haibadiliki. Mwenye ganzi ya miguu au maumivu yanayochoma huenda ana tatizo jingine, nalo linastahili kupimwa kivyake. Uchovu wa kawaida pia si sawa na hali hii. Mkulima aliyelima kutwa husema mwili mzima umechoka. Mgonjwa wa miasthenia hutaja kazi fulani ambayo msuli fulani umegoma kuitenda, hata kama hana usingizi wala homa.

Pale ambapo haifai kusubiri

Si kila kope inayoanguka ni miasthenia, na baadhi ya hali zinazofanana nayo huua kwa saa chache. Udhaifu uliotokea ghafla upande mmoja wa mwili, mdomo kwenda pembeni na maneno kupotea ni dalili za kiharusi, na mgonjwa apelekwe hospitali papo hapo. Mtoto mwenye umri chini ya miaka 15 aliyepooza au kulegea ghafla mkono au mguu lazima ataarifiwe kituoni bila kukawia, kwa kuwa hivyo ndivyo nchi inavyofuatilia ugonjwa wa polio. Udhaifu unaoanza miguuni na kupanda juu kwa siku chache nao ni wa dharura.

Kuumwa na nyoka kunahitaji kutajwa peke yake. Sumu ya koboko na ya baadhi ya aina za fira hushambulia mahali pale pale ambapo mshipa wa fahamu hukutana na msuli. Kope zikianza kulegea saa chache baada ya mtu kuumwa, au baada ya kulala sakafuni au kutoka shambani na kuonekana na alama ya jeraha, sumu inaelekea kwenye misuli ya kupumua. Hapo hakuna jiwe la nyoka wala chale zitakazosaidia, ni hospitali.

Miasthenia yenyewe huja polepole, kwa wiki au miezi, huku ikipanda na kushuka. Lakini nayo ina dharura yake. Misuli ya kupumua ikishindwa, mgonjwa huingia katika hali ambayo wataalamu huiita krisisi. Dalili za kutangulia ni kushindwa kumeza hata mate, sauti kufifia, kukohoa bila nguvu, kushindwa kulala chali, na kuvuta pumzi fupi fupi. Jambo la hatari ni kwamba mgonjwa huyo haonekani akihangaika sana, kwa kuwa misuli ambayo ingeonyesha mahangaiko imelegea pia. Uso mtulivu usimdanganye mtu.

Njia moja rahisi ya kupima pumzi ni kumwambia mgonjwa avute pumzi ndefu kisha ahesabu kwa sauti bila kuvuta nyingine. Vitabu vya kigeni hutoa viwango vya idadi, lakini hesabu za Kiswahili zina silabi nyingi (ishirini na saba si fupi), hivyo viwango hivyo haviwezi kuchukuliwa vilivyo. Kinachofaa ni kumlinganisha mgonjwa na yeye mwenyewe: aliyezoea kufika 25 na leo anaishia 12 apelekwe hospitali usiku huo huo, akiwa ameketi na si kulazwa chali.

Ushahidi wa kupeleka kwa tabibu

Kwa kuwa ugonjwa hujificha asubuhi, familia inapaswa kuwa macho ya tabibu wakati wa jioni. Simu ya mkononi inatosha. Mgonjwa apigwe picha ya uso anapoamka, na nyingine siku hiyo hiyo jioni, akitazama mbele bila kukunja paji la uso. Picha mbili za namna hiyo huweza kufupisha safari ya miezi. Picha ya kitambulisho cha Taifa nayo ni ushahidi mzuri, kwa kuwa huonyesha kope zilivyokuwa siku ilipopigwa. Anayezungumza kwa sauti inayobadilika arekodiwe akisoma ukurasa mmoja tangu mwanzo hadi mwisho.

Mgonjwa akifika kituoni, aeleze si dalili tu bali na saa yake: inaanza lini, inazidishwa na nini, inapunguzwa na nini. Anaweza pia kuomba apimwe akiwa amechoka. Tabibu humtaka atazame juu bila kupepesa kwa dakika moja au zaidi, na kope zenye ugonjwa huanza kushuka taratibu mbele ya macho yake. Humtaka anyooshe mikono mbele kwa dakika mbili. Kwa mwenye kope iliyolegea kipo kipimo kisichohitaji maabara: barafu iliyofungwa ndani ya kitambaa huwekwa juu ya kope iliyofumbwa kwa dakika 2, na kope ikiinuka waziwazi baada ya hapo, shaka ya miasthenia huongezeka. Ubaridi huusaidia ujumbe kuvuka ule upenyo. Ndiyo sababu pia wagonjwa wengi hulalamika kwamba siku za joto kali huwa mbaya zaidi. Vipimo hivi huelekeza tu, havikati shauri.

Kukata shauri ni kazi ya hospitali kubwa. Zahanati na kituo cha afya huandika rufaa kwenda hospitali ya wilaya, na huko mgonjwa huelekezwa hospitali ya rufaa ya mkoa, ya kanda, au Hospitali ya Taifa Muhimbili, kwa daktari bingwa wa mishipa ya fahamu. Vipo vipimo vya damu vinavyotafuta zile kingamwili, ambazo huonekana kwa wengi wa wagonjwa walioenea ugonjwa mwilini ingawa si kwa wote, na kipimo cha umeme cha misuli. Hupigwa pia picha ya kifua ya sitiskani, kwa kuwa tezi ya thaimasi, iliyo nyuma ya mfupa wa kidari, huhusika na ugonjwa huu, na takriban mgonjwa 1 kati ya 10 huwa na uvimbe ndani yake. Safari hii ni ndefu na ina gharama. Anayeanza nayo ahakikishe kwamba barua ya rufaa, picha zake na majibu yote ya vipimo yako ndani ya bahasha moja, ili asirudishwe mwanzo katika kila mlango.

Tiba ipo

Mwaka 1934, katika hospitali moja ya Greenwich, London, daktari Mary Walker alimdunga mgonjwa wa miasthenia dawa iitwayo fisostigmini, na kwa muda nguvu zikarejea. Dawa hiyo asili yake ni maharagwe ya Calabar, yanayoota katika nchi ambayo leo ni Nigeria. Waefik wa huko waliyatumia kama kiapo: aliyeshukiwa uchawi alinyweshwa, na aliyekufa alihesabiwa kuwa na hatia. Hivyo ugonjwa ambao hadi leo watu huudhania kuwa uchawi ulipata dawa yake ya kwanza yenye nguvu kutoka kwenye sumu iliyotumika kuwahukumu watu kwa uchawi.

Dawa inayotumika sasa, piridostigmini, ni ya ukoo huo huo. Humzuia tarishi asiharibiwe haraka, ili apate nafasi ya kugonga milango michache iliyobaki. Huanza kufanya kazi baada ya nusu saa hadi saa moja na hudumu kwa saa chache, kwa hiyo anayepata shida ya kumeza huelekezwa kuinywa kabla ya chakula. Kuiongeza bila kuelekezwa ni kosa la hatari, maana ikizidi nayo huleta udhaifu, pamoja na mate mengi, tumbo kusokota na kuharisha. Dawa nyingine, kama prednisoloni na azathioprini, hutuliza wale askari waliogeuka. Prednisoloni huweza kuzidisha udhaifu katika siku za mwanzo, hupandisha sukari na shinikizo la damu, na haikatishwi ghafla hata kama mgonjwa amepata nafuu. Kwa baadhi ya wagonjwa, kuondoa tezi ya thaimasi kwa upasuaji huleta nafuu. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2016 ulithibitisha jambo hilo hata kwa wasiokuwa na uvimbe. Wengi wanaotibiwa hurudi shambani, darasani na dukani.

Piridostigmini haitarajiwi kukutwa katika kila zahanati. Familia ihesabu vidonge na kutafuta vingine wiki mbili kabla havijaisha. Kukatika kwa dawa ni mojawapo ya njia za kufikia krisisi, sawa na homa ya mapafu na maambukizi mengine.

Dawa zinazoweza kudhuru

Hapa ndipo utambuzi wa ugonjwa huu unapogusa uhai moja kwa moja, hata kwa mtu ambaye dalili zake ni kope tu. Dawa kadhaa zinazotumika kila siku huweza kuziba milango michache iliyosalia. Miongoni mwa dawa za kuua bakteria, zitajwe sindano ya jentamaisini, siprofloksasini, erithromaisini na azithromaisini. Kwinini na klorokwini nazo zimo. Mgonjwa mwenye malaria asiache kutibiwa, bali ataje ugonjwa wake kabla dawa haijachaguliwa. Zimo pia baadhi ya dawa za moyo na shinikizo la damu, kama propranololi, na dawa za kulegeza misuli zinazotolewa wakati wa upasuaji.

Mjamzito ana sababu ya ziada ya kusema mapema. Magnesiamu salfeti, dawa inayookoa maisha ya wenye kifafa cha mimba, huweza kumletea mwenye miasthenia kushindwa kupumua, na timu ya uzazi inapaswa kujua hilo kabla ya usiku wa kujifungua. Baadhi ya watoto wanaozaliwa na mama mwenye ugonjwa huu huwa legevu na hushindwa kunyonya kwa siku au wiki chache, kwa sababu ya kingamwili zilizopita katika kondo la nyuma. Hali hiyo huisha, lakini mtoto huhitaji uangalizi hospitalini, kwa hiyo kujifungulia nyumbani hakumfai mama huyu.

Tabia ya kununua dawa za kuua bakteria dukani bila cheti, ambayo ni mbaya kwa kila mtu, kwa mgonjwa huyu huweza kuwa ya mwisho. Mwenye ugonjwa uliothibitishwa awe na karatasi ngumu au kadi, iliyoandikwa na kituo chake: jina la ugonjwa, dawa anazotumia na kipimo chake, dawa zilizotajwa hapo juu, na namba ya simu ya ndugu wa karibu. Aiweke pamoja na kadi ya bima, na nakala ya pili ibaki kwa mtu anayelala naye nyumba moja, kwa kuwa siku ya krisisi mgonjwa huenda asiweze kusema. Ambaye bado hajathibitishwa, lakini anaziona dalili hizi kwake au kwa mtu wa nyumbani mwake, anaweza kuanza na mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa kijiji au mtaa wake, au kwenda zahanati ya kata alasiri badala ya alfajiri, akiwa na zile picha mbili.